Muziki Uliojaza Bidoni

Nilipokuwa mtoto hapa Kasongo, niliamini kwamba ukiweka bidoni tupu mbele ya bafle la kutoa sauti wakati watu wanapiga jazi, wimbo ukiisha utaikuta bidoni imejaa maji mpaka shingoni. Usicheke, rafiki. Sikuamini nusu nusu, kama mtu anayeambiwa na redio kwamba kesho mvua itanyesha. Niliamini kwa mwili mzima. Ningeapa mbele ya padri na shehe wakiwa wamekaa benchi moja, na kama ungenibishia ningekurushia ngumi, ingawa siku zile nilikuwa mwembamba kiasi kwamba upepo wa Lualaba ungeweza kuninyanyua ukanitua Kindu bila tiketi. Tena nilikuwa na ushahidi. Bidoni yangu mwenyewe, dumu la njano lililokuwa la mafuta, ilikuwa inajaa. Si siku moja. Kila siku ya mazoezi.

Mambo haya yamenirudia majuzi, nilipokuwa natoka Kabambare juu ya pikipiki. Ile njia unaijua. Kuiita barabara ni kuipa heshima tu. Iko na shimo ambalo ukiingia asubuhi umenyoa, unatoka na ndevu. Motari aliyenibeba alikuwa kijana, simu yake mfukoni mwa shati, inaimba. Nyimbo za siku hizi zote: maneno mawili, jina la tajiri, maneno mawili, jina la tajiri. Tulipofika Wamaza akasimama kukaza mnyororo, na hapo ndipo simu ikatoa sauti ya tarumbeta yenye mafua. Nikashuka mbio mpaka kiatu kikabaki.

"Papa, nini? Nyoka?"

"Acha simu iimbe. Usiiguse."

"Ah, hii ni ya zamani. Iko tu ndani ya karte ya simu, sijui hata nani aliimba."

"Ni mimi," nikasema.

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyedai kwamba mto Lualaba aliuchimba yeye, kwa jembe. Lakini sikudanganya. Katika wimbo ule mimi ninasema neno moja, "imejaa," na ninalisema vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kulisema tangu Kiswahili kifike Maniema.

Grupu letu lilikuwa na watu wazima watatu, pamoja na mimi, kwa hiyo lilikuwa kubwa. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ndiye aliyekuwa na maneno. Hakuwa anaimba, alikuwa anasema, juu ya mapigo, haraka kama mama anayegombana na bei sokoni, na hakuna aliyewahi kumwona akivuta pumzi. Fundi redio, mwenye kibanda cha tole, yaani mabati, karibu na soko, alikuwa na kinanda kidogo cha betri. Baadhi ya vidude vyake vya kubonyeza vilikuwa vimekufa, na sauti zao fundi alizitoa kwa mdomo. Alikuwa amewarekodi wanawake wakitwanga mpunga, akaikata sauti ile, akaipanga upya mpaka ikawa ngoma: du, du-ka, du. Mpaka leo nikisikia mchi na kinu, nasubiri mtu aanze mashairi.

Na wa mwisho alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, Mkristo, mtoto wa wakulima wanaosema Kizimba. Tarumbeta alijifunza katika fanfari, bendi ya kupuliza ya shule ya misioni. Fanfari ilikuwa imekufa zamani. Vita vilikula vyombo vyote, ikabaki tarumbeta yake moja aliyoificha ndani ya gunia la karanga. Aliiziba mdomo kwa kopo la tomati, ikawa inatoa sauti ya mtu mwenye mafua anayesimulia jambo zuri. Ukiinusa ilikuwa bado inanuka karanga.

Maneno ya shangazi hayakuwa ya kulia wala ya kutisha. Sisi tulikuwa tumeshatishwa vya kutosha. Aliimba juu ya wanawake wanaopanda mlima na maji, juu ya watoto wanaosoma bila dirisha, na kila ubeti uliisha ukiwa umesimama wima. "Nimetoka chini, nimepanda na maji," alisema, "shingo yangu wima, sitaomba ruhusa." Halafu anauliza: "Bidoni?" Sisi tunajibu: "Tupu!" Anauliza: "Moyo?" Na hapo ndipo dunia ilikuwa inanisubiri mimi: "Imejaa!"

Mwalimu ndiye aliyesema muziki wetu unaitwa jazi. Alikuja kumwambia Nyanya, mama ya baba, ambaye ndiye alikuwa ananilea, kusudi aniruhusu kufanya mazoezi. Nyanya alikuwa amekaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inachemka nyuma yake na harufu ya mawese imejaa kiwanja chote.

"Inaitwa nini?"

"Jazi, mama."

"Jaza?"

"Jazi."

"Jaza iko kwa Mungu, mwalimu. Muziki haina jaza."

Unaona jinsi neno lilivyotuponza. Kwa familia za Kiislamu za mji wetu, jaza ni malipo ya Mungu kwa mtu aliyetenda wema. Kwa mtu yeyote anayeshika bidoni, jaza ni amri. Na kwa mwalimu, jazi ilikuwa tarumbeta yenye kopo la tomati. Watu wakasikia kitu kimoja, kila mmoja akaondoka na chake.

Nyanya hakukataa, lakini hakukubali. Alisema: "Maji kwanza." Hiyo ilikuwa sawa na kukataa, maana saa ya kuteka maji na saa ya mazoezi ilikuwa ile ile, baada ya swala ya alasiri, jua likianza kuregea. Chemchemi yetu ilikuwa chini, chini kabisa, na nilipokuwa ninapanda na bidoni kichwani nilikuwa nafika nyumbani mfupi kuliko nilivyoondoka. Ukiniona leo nina kimo hiki, basi ujue kingine kilibaki kwenye ule mlima.

Siku moja nikashindwa. Nilipita karibu na kibanda, tarumbeta ikaniita. Nikaiweka bidoni tupu nje, chini ya bafle moja dogo ambalo fundi alikuwa amelitundika mlangoni, nikasema wimbo mmoja tu. Zikawa nyimbo zote. Nilipotoka, nikiwaza nitamwambia nini Nyanya, bidoni ilikuwa pale pale, imejaa, imefungwa kwa kizibo chake cha jani la ndizi.

Ng'ambo ya njia alikuwa amekaa jirani yetu, mama wa mawese, na chupa zake zimejipanga kama wanafunzi. Nikamwangalia. Yeye hakuinua hata macho.

"Mama, nani amejaza?"

"Kwani hujui? Wanasema ni jazi. Jazi inajaza. Ndiyo jina lake."

Ungenifanya nini, rafiki? Mtu mzima amesema, na maji yako pale. Nilibeba bidoni nikakimbia. Nyanya alikuwa amefika nyumbani muda si mrefu, amekaa, mkono kiunoni, upindo wa kikwembe alichojifunga umelowa, nikafikiri amefua. "Umeleta maji?" akauliza. "Nimeleta." Sikusema nimeteka, nilisema nimeleta, nione kama atanishika. "Mungu akupe jaza," akasema, akageukia sombe yake.

Habari ile haikulala. Siku ya mazoezi iliyofuata watoto wa mtaa wote walikuja na bidoni zao wakazipanga mlangoni mpaka fundi hakuweza kutoka, wenyewe wakajibana kibandani kututazama. Wimbo ukaisha: yangu imejaa, zao tupu. Wakaanza kuniita mchawi. Mama wa mawese akawatuliza kwa sauti ya hakimu: "Yake inajaa sababu yeye anaimba. Ninyi munangoja tu." Basi wakaanza kuimba. Motari wakaisikia habari ile, wakaipeleka Lusangi, wakaipeleka Wamaza, na kila kijiji kikaiongezea chumvi: kwamba jazi inajaza visima, kwamba imejaza tumbo la mwanamke aliyekosa mtoto, kwamba huko Kabambare imejaza hata lile shimo kubwa la barabara. Hiyo ya mwisho hata mimi niliikataa.

Sasa, hapo ndipo alipotokea tajiri wa depo. Alikuwa anauza saruji na sukari, na yeye peke yake ndiye alikuwa na mabafle makubwa kama makabati, pamoja na jenereta, ambayo kwetu tunaiita grupu. Sikukuu ilikuwa inakaribia, na mji wote ungekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Shangazi alikuwa anautaka uwanja ule kama mgonjwa anavyotaka maji. Alitaka wimbo usikike mara moja, na watu wote, kama alivyouandika, kabla hajaolewa au kufa. Aliyataja hayo mawili pamoja, kila siku. Bafle la fundi lilikuwa halifiki hata ng'ambo ya njia.

Tajiri akaingia kibandani, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Wimbo iko muzuri. Inakosa kitu moja tu."

"Kitu gani, papa?" shangazi akauliza.

"Mimi."

Hakuwa anatania. Desturi hiyo unaijua: mwanamuziki anakatiza wimbo wake kutaja mwenye mali, kisha mwenye mali anakumbuka kushukuru. Kwa Kilingala wanasema kutupa jiwe, na kuna nyimbo zimejaa mawe mpaka huoni njia ya kupita.

"Mutanitaja mbele, mutanitaja katikati, mutanitaja mwisho. Mimi nitawapa grupu."

"Grupu tuko nayo, papa."

"Iko wapi?"

"Inakuangalia."

Mwalimu akakohoa ndani ya tarumbeta. Lakini fundi redio, maskini, macho yake yalikuwa yameshaanza kupenda yale makabati. Tajiri alipotoka akamwambia shangazi polepole, kama dada yake mkubwa: "Yaya, ni jina tu. Jina haina uzito."

"Kama haina uzito, alibebe yeye mwenyewe," shangazi akamjibu. "Na kama anapenda mawe, ayatupe ndani ya mashimo ya njia ya Kabambare. Siku hiyo nitamuimba bure, na matarumbeta."

Siku ya sikukuu tulikwenda hata hivyo. Uwanja ni wa watu wote, shangazi alisema, na aliyekataza aje na karatasi ya kununua majani yake. Nilifikiri nitaona watu, niliona njano. Bidoni, bidoni, bidoni! Akina mama walizibeba kichwani, watoto walizivuta kwa kamba, mzee mmoja alikuja na pipa. Nakwambia siku ile kutoka hapa mpaka Lusangi hakuna nyumba iliyobaki na chombo cha maji. Kama moto ungewaka, tungeuzima kwa mate.

Wanamuziki wengine walipanda, wakatupa mawe yao, tajiri akachekelea chini ya mwavuli. Zamu yetu ikafika, na tajiri akatuachia mabafle yake, akidhani tumekubali kumtaja. Fundi akachomeka kinanda chake, mwalimu akapuliza, na kwa mara ya kwanza mafua ya ile tarumbeta yakatoka kwenye mabafle makubwa yakaenda mpaka kwenye minazi ya misioni. Shangazi akasema ubeti wa kwanza. Hakuna jina. Tajiri akashika mwavuli vizuri. Ubeti wa pili. Hakuna jina. Akainua kidole kimoja tu, na grupu yake ikakohoa, ikanyamaza.

Hujasikia kimya, rafiki, kama hujasikia kile. Shangazi yangu alisimama pale juu na kipaza sauti kilichokufa, mdogo kama msumari. Kinanda cha fundi kilikuwa kinalia kama mbu. Watu wa tajiri wakaanza kupiga kelele: "Shukeni! Grupu imekufa!"

Akakiweka kipaza sauti chini. Akavuta pumzi, mara ya kwanza niliyomwona akifanya hivyo.

"Bidoni?"

Sauti yake haikuvuka hata mstari wa goli. Lakini mimi nilikuwa mbele, bidoni yangu mikononi, na swali lile nilikuwa nimelizoea. Nikaipiga kwa kiganja: du! "Tupu!" Mama wa mawese akapiga ya kwake. Halafu watoto wa mtaa wetu. Kitu chochote kilichojaa hakilii, unajua. Lakini tupu inaongea, na siku ile tulikuwa na utupu wa mji mzima. Bidoni zikaanza kujibu kutoka goli mpaka goli, du, du-ka, du, mapigo ya mpunga ambayo kila mtu alikuwa nayo mikononi tangu azaliwe. Mabafle ya tajiri yangeona haya. Mwalimu akaondoa kopo la tomati, akalitupa, akapuliza wazi. Na watu wakaimba, kwa sababu walijua bila kuimba bidoni haijai.

Kisha shangazi akatupa majina. Ndiyo, majina! Akamtaja mama wa maandazi, akamtaja mama wa mawese, akawataja wanawake wa chemchemi mmoja mmoja kama wanavyoitwa na mama zao, hakuna aliyemwomba, hakuna aliyempa kitu. Na mwisho akataja jina moja ambalo mimi sikulijua. Nyuma kabisa ya uwanja nikamwona Nyanya, ambaye alikuwa ameapa hatakuja, akigeuka ghafla kama aliyeitwa na mama yake mzazi.

"Moyo?"

Ile "imejaa" niliyoisikia kwenye simu ya motari, ndiyo ile. Mtu fulani aliirekodi kwa simu pale uwanjani, na kampuni yetu ya kusambaza muziki ikawa pikipiki. Haina jina la tajiri ndani yake. Litafute na kurunzi, hutalipata. Ni kweli kwamba siku ile hakuna bidoni iliyojaa, hata yangu, lakini nililipatia jibu mara moja: zilikuwa zinapigwa.

Ya kwangu ilipasuka. Nyanya aliikuta mlangoni, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Mulipiga sana."

"Ndiyo, Nyanya."

"Ilisikika mpaka wapi?"

"Mpaka Kindu."

"Uwongo. Mpaka Wamaza tu."

Kesho yake mlangoni kulikuwa na bidoni nyingine. Hakusema imetoka wapi, na kuhusu muziki hakusema neno mpaka Mungu alipomchukua.

Leo kile kibanda kinauza unite, vocha za simu. Mwalimu tulimzika, na tarumbeta imerudi kwenye gunia, nyumbani kwa watoto wake. Niliinusa, bado karanga. Fundi alienda kuchimba dhahabu Lusangi, akarudi na kikohozi, sasa anatengeneza panneau za umeme wa jua. Shangazi anafundisha Kabambare, ana watoto, na bado akizungumza hapumui. Nilikuwa natoka kwake siku ile ya motari. Kila mtu siku hizi ana muziki wake ndani ya masikio yake, na ukiuliza "Bidoni?" sokoni, watu watakuonyesha duka. Mpunga unasagwa kwa mashine. Yameondoka mengi, na mimi sikubali hata moja. Niite mkaidi. Nitaimba sehemu yangu mpaka meno yaishe, na yakiisha nitaimba kwa fizi. Depo la yule tajiri limeanguka upande mmoja, mbuzi wanalala humo, na vijana hawajui lilikuwa la nani. Mimi najua, lakini sitaandika. Alitaka sana kutajwa. Basi, katika maneno yote haya nimemnyima nafasi hata ya herufi moja.

Nilipofika Kasongo nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa mawese. Yuko, amezeeka, chupa bado zimejipanga. Nikampigia ule wimbo, akatingisha mabega, akacheka. Nikamweleza kwamba nimemaliza masomo ya jioni, diploma ya serikali ya kumaliza sekondari nimeipata nikiwa na ndevu. Na kwamba siku mwalimu wa fizikia alipofundisha mawimbi ya sauti, niliinua mkono nikauliza wimbo uwe mrefu kiasi gani ili ujaze bidoni. Darasa zima, watu wenye watoto na wengine wenye wajukuu, lilicheka mpaka madawati yakasogea. Nikakaa, lakini sikukubali. Maana wao hawakuiona. Sisi wawili, mama, tuliiona.

Akaacha kucheka. Akafuta chupa moja kwa kikwembe, polepole.

"Wewe mutu mukubwa namna hii, bado unauliza? Ulikuwa ukiingia tu ndani, nyanya yako anatokea kwa njia ya nyuma. Anachukua bidoni, anateremka, anapanda nayo, anaiweka pale pale. Akaniambia: mutoto asikose kuimba, lakini usimwambie, ataona nimekubali. Basi wewe ukaja kuniuliza. Ningesema nini? Muziki haijazi bidoni, mwanangu. Ni nyanya yako alikuwa anateka."